Klabu Moja, Kurasa Mbili: Kuunganisha, Kuhama, Kugandisha au Kugawana Kazi?

Klabu nyingi za jamii hazikupanga kuwa na kurasa mbili. Katibu wa kwanza alifungua ukurasa wa Facebook kwa simu yake, muda wake ukaisha, akaondoka na nenosiri. Uongozi uliofuata ukakosa pa kuingilia, ukafungua mwingine. Mwanachama mwenye bidii naye akafungua akaunti ya Instagram kabla kamati haijakaa, na kamati ilipokaa ikafungua ya kwake. Wakati mwingine hata hakuna aliyefungua: watu wakionyesha kwenye Facebook kwamba wako mahali fulani pasipo na ukurasa, mtandao wenyewe huweza kuunda ukurasa usio rasmi kwa jina hilo, nao ukaanza kupata wafuasi bila msimamizi yeyote.

Anayeumia ni mgeni. Anaandika jina la klabu, anaona kurasa mbili zenye nembo ileile, anafungua ule ulio juu, anasoma ratiba ya msimu uliokwisha pita, anakuja na kukuta mlango umefungwa. Huyo harudi tena, na klabu haitajua kwamba ilimpoteza. Kwa hiyo suala hili linastahili kuwekwa kwenye ajenda ya kamati. Lisiachiwe mtu mmoja mwenye simu aamue peke yake usiku.

Njia zilizopo ni nne: kuunganisha kurasa kwa zana ya mtandao wenyewe, kuhamisha watu taratibu kisha kufunga ukurasa wa zamani, kuugandisha ule wa zamani ubaki kama kumbukumbu, au kuziacha zote mbili, kila moja na kazi yake. Hakuna iliyo bora kwa klabu zote.

Vipimo vya kutumia

Kipimo cha kwanza ni ufunguo: nani ana mamlaka kamili ya kila ukurasa leo? Kulijua nenosiri la mtu mwingine hakutoshi. Kwenye Facebook, mtu hupewa usimamizi kupitia akaunti yake mwenyewe, na kuna tofauti kati ya mwenye udhibiti kamili na mwenye ruhusa ya kuposti au kujibu ujumbe tu. Wengi hudhani ni wasimamizi hadi siku wanapotaka kubadili jambo kubwa na kukuta hawana uwezo huo.

Cha pili ni wafuasi: watahama wenyewe, au itabidi waombwe mmoja mmoja? Cha tatu ni kumbukumbu, yaani picha, video, maoni ya watu na salamu za rambirambi. Cha nne ni kazi, kwa maana ya saa ambazo watu wa kujitolea watazitumia. Cha tano ni kurudi nyuma: mkibadili mawazo baada ya mwezi, kuna kitakachookolewa?

Kamati nyingi huanzia kwenye wafuasi, kwa sababu hiyo ndiyo namba inayoonekana. Mimi naona kumbukumbu na ufunguo vina uzito zaidi. Mfuasi aliyepotea anaweza kurudi wiki ijayo mkimwalika. Picha za mashindano ya kwanza ya klabu, pamoja na maneno ambayo watu waliyaandika chini yake siku ile, zikifutwa zimekwenda.

Basi kabla ya kuchagua lolote, fanyeni mambo mawili. Orodhesheni kila ukurasa, akaunti na kundi lenye jina la klabu, pamoja na jina la mwenye ufunguo. Kisha pakueni nakala. Facebook na Instagram zote zina sehemu ya kupakua taarifa zenu kwenye mipangilio. Nakala ihifadhiwe mahali pa klabu, isikae kwenye simu ya mtu binafsi, maana mara nyingi tatizo lilianzia kwenye simu ya mtu binafsi.

Njia ya kwanza: kuunganisha kwa zana ya mtandao

Njia hii inahusu zaidi kurasa za Facebook. Instagram, X (zamani Twitter) na TikTok hazina namna ya kuzifanya akaunti mbili kuwa moja. YouTube inaruhusu kuhamisha chaneli kati ya aina fulani za akaunti za Google, lakini haijumlishi wafuatiliaji wala watazamaji wa chaneli mbili. Makundi ya WhatsApp pia hayaunganishwi. Hata hivyo, tangu 2022 kuna kipengele cha jumuiya kinachoyaweka makundi kadhaa chini ya mwavuli mmoja wenye sehemu moja ya matangazo, na kwa klabu yenye kundi la wachezaji, la wazazi na la kamati hicho huwa kinatosha.

*Ufunguo.* Mtu yuleyule awe na udhibiti kamili wa kurasa zote mbili. Majina yawe yanafanana na kurasa ziwe zinawakilisha kitu kimoja. Kama zimeandikwa mahali, anwani zilingane. Kama majina yanatofautiana sana, badilisheni moja kwanza na msubiri Facebook ilikubali badiliko hilo. Ombi la kuunganisha nalo linaweza kukataliwa hata pale mnapoona kila kitu kiko sawa.

*Wafuasi.* Hapa ndipo njia hii inapozishinda nyingine zote. Wafuasi wa ukurasa unaoondoka huongezwa kwenye unaobaki bila wao kubonyeza chochote. Aliyekuwa akifuata zote mbili huhesabiwa mara moja, kwa hiyo msishangae jumla ikiwa ndogo kuliko mlivyotarajia.

*Kumbukumbu.* Hapa ndipo watu wanapoumia. Neno kuunganisha linawafanya waamini kwamba kila kitu kitamiminwa kwenye ukurasa mmoja. Sivyo. Kinachohama ni wafuasi. Machapisho, picha, tathmini za watu na jina la mtumiaji la ukurasa unaoondoka hufutwa, na ukurasa unaobaki unaendelea kama ulivyokuwa.

Kutokana na hilo, swali la ukurasa upi ubaki hugeuka. Kamati hutaka kubakiza wenye wafuasi wengi. Lakini wafuasi wanahama na picha hazihami! Ubakizeni wenye kumbukumbu nzuri zaidi, hata kama una wafuasi wachache, kisha waleteni wale wengi kwake. Sijui ushauri mwingine kwenye suala hili unaookoa vitu vingi kuliko huu kwa kazi ndogo namna hii.

*Kazi.* Kubonyeza kwenyewe ni kwa dakika chache. Kazi iko kabla yake: kupakua nakala, kujibu ujumbe uliobaki kwenye sanduku, kusitisha matangazo ya kulipia kama yapo, kunakili matukio yaliyopangwa, na kuwatangazia wafuasi wa kurasa zote mbili ili wasishtuke. Kumbukeni pia mabango, fulana na msimbo wa QR uliobandikwa ukumbini. Chukulieni kwamba kila kiungo cha ukurasa ulioondoka hakitamfikisha mtu popote, mkibadilishe mapema.

*Kurudi nyuma.* Hakuna. Mkishathibitisha, imekwisha.

*Inamfaa nani.* Klabu yenye ufunguo wa kurasa zote mbili, ambayo mmoja kati yake hauna kitu cha kulilia: ukurasa uliofunguliwa kwa makosa, au uliochapisha matangazo ya mikutano tu kwa miezi michache. Inaufaa pia ukurasa usio rasmi, mradi muudai kwanza na Facebook ikubali kwamba ni wenu.

Njia ya pili: kuhama taratibu, kisha kufunga

Hii inafanya kazi kwenye mtandao wowote. Mnachagua ukurasa mmoja uwe nyumbani, mnawaita watu waje, na mwisho mnaufunga mwingine.

*Ufunguo.* Mnahitaji uwezo wa kuchapisha kwenye wa zamani, na wa kuufunga siku ikifika. Si lazima mtu mmoja ashike zote, na hili huisaidia klabu ambayo katibu wa zamani yuko tayari kusaidia ila hataki kukabidhi akaunti yake.

*Wafuasi.* Hawahami wenyewe, na wengi hawatahama kwa tangazo la kwanza, kwa kuwa mitandao haimwonyeshi kila mfuasi kila chapisho. Tangazo moja lililoandikwa vizuri halitoshi. Libandikeni juu ya ukurasa, litieni kwenye picha ya jalada na kwenye maelezo mafupi, lirudieni kwa maneno tofauti kwa wiki kadhaa, na muwaombe wanachama wapeleke kiungo kwa watu wao kwa WhatsApp. Mwaliko kutoka kwa mtu anayefahamika huwavuta wengi kuliko tangazo la klabu. La muhimu zaidi, acheni kutoa habari mpya kwenye wa zamani. Ratiba ikiendelea kutoka kote kuwili, mtu ana sababu gani ya kuhama?

Namba itashuka, na inafaa kamati ikubaliane na jambo hilo mapema ili asilaumiwe yule anayefanya kazi. Sehemu kubwa ya watakaobaki nyuma ni watu walionyamaza zamani. Wanaokuja mazoezini watakuja na ukurasani.

*Kumbukumbu.* Mnachagua kinachobebwa. Picha zinaweza kupandishwa upya, tarehe ya asili ikiandikwa kwenye maelezo yake. Maoni ya watu hayabebeki, na picha ya skrini ndiyo njia pekee ya kuyaweka. Mnapochagua, waulizeni watu wanaoonekana, hasa wazazi wa watoto. Ruhusa iliyotolewa miaka mingi iliyopita kwa mtoto wa miaka saba huenda leo, akiwa kijana, asingependa irudiwe.

*Kazi.* Ni nyingi kuliko njia zote, ila inagawanyika. Mmoja anashughulikia picha, mwingine mialiko, mwingine viungo kwenye tovuti na mabango. Acheni muda upite wa kutosha kuwe na angalau tukio moja kubwa la klabu katikati, kwa sababu tukio ndilo linalowafanya watu waliolala kuja kutafuta ukurasa.

*Kurudi nyuma.* Kunawezekana hadi siku ya kufunga, na hata baadaye kidogo. Facebook, Instagram na X huacha siku 30 kabla ya kufuta moja kwa moja. Zikipita, hakuna njia. Angalieni pia tofauti ya kuzima na kufuta. Kwenye Facebook na Instagram, kuzima kunauficha ukurasa na kuuacha mikononi mwenu; kwenye X, kuzima ndiko kunakoanzisha kufuta. Kufuta kunaweza kuliacha jina lenu wazi likachukuliwa na mtu mwingine, na kwa klabu inayokusanya michango mtandaoni hiyo ni hatari ya kweli: mtu akiketi kwenye jina lenu la zamani na kuomba michango, waliozoea jina hilo watatuma.

*Inamfaa nani.* Klabu iliyo kwenye Instagram, X, TikTok au YouTube, ambako njia ya kwanza haipo. Pia klabu ambayo jina limebadilika au shughuli zimebadilika, na inataka kuanza na watu wanaoijali kweli.

Njia ya tatu: kugandisha

Ukurasa wa zamani unabaki unaonekana lakini hautoi jipya. Juu yake panabandikwa chapisho linalosema klabu iko wapi sasa, na jina linaongezwa neno kama "Kumbukumbu" au miaka yake.

*Kumbukumbu* ndiyo sababu ya kuchagua njia hii. Yako mambo yasiyohamishika bila kuharibika: mamia ya salamu chini ya picha ya kocha aliyefariki, mjadala wa usiku ule klabu ilipopata uwanja wake, majina ya watu waliochangia jezi za kwanza. Familia huenda pale kusoma. Klabu yenye historia ya namna hiyo isiuguse ukurasa wake kwa sababu tu mwongozo fulani umesema kurasa mbili ni mbaya.

*Wafuasi* wanabaki pale walipo. Baadhi watafuata kiungo, wengine hawatafuata. Kwenye utafutaji kurasa zote mbili zitaendelea kuonekana, kwa hiyo tofauti ya jina na picha iwe ya wazi kwa mtu anayetazama sekunde mbili. Picha ya wasifu ya rangi nyeusi na nyeupe husaidia.

*Kazi* ni ndogo mwanzoni, ila haiishi. Ukurasa usiotembelewa na mwenyewe ndio walaghai wanaoupenda. Watajaza maoni ya mikopo ya uongo, au wataingia kupitia akaunti ya msimamizi aliyesahau na kuutumia kwa jina lenu. Zimeni ujumbe, punguzeni au fungeni maoni, washeni uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti za wasimamizi wote, na mteue mtu wa kupita mara moja kwa mwezi. Kama hakuna atakayepita, msigandishe.

*Kurudi nyuma* ni rahisi, na kwa hilo naiona njia nzuri kwa kamati ambayo bado inabishana. Gandisheni sasa na muamue baadaye. Mtakuwa hamjapoteza kitu.

*Inamfaa nani.* Klabu kongwe, klabu iliyoungana na nyingine na kila upande una historia yake, na klabu yenye wanachama wazee ambao ukurasa wa zamani ndio pekee wanaoujua.

Njia ya nne: kugawana kazi

Hii ni fupi kueleza. Inafaa pale ambapo kweli kuna hadhira mbili: timu ya watoto ambayo wazazi wake hawahitaji habari za wakubwa, matawi yenye ratiba tofauti, au shughuli mbili zisizohusiana. Wafuasi na kumbukumbu havisogei, na hakuna kinachofutwa. Kinachoongezeka ni kazi, kwani kila ukurasa unahitaji mtu wake na habari zake. Majina yaseme tofauti ("Vijana", "Tawi la Pili"), picha zisifanane, na kila ukurasa uutaje mwenzake kwenye maelezo. Kwenye Instagram, chapisho la pamoja linaloonekana kwenye akaunti mbili hupunguza kazi kwa habari zinazohusu wote.

Nina wasiwasi mmoja, na nausema kwa nia njema. Klabu nyingi huchagua njia hii ili kumkwepa mtu: aliyeanzisha ukurasa wa zamani ataumia ukifungwa. Kama sababu ni hiyo, kaeni naye mzungumze, mshukuru hadharani kwa kazi aliyoifanya, mumpe nafasi kwenye ukurasa utakaobaki. Kumwachia ukurasa wake wakati mgeni anaendelea kupotea hakumheshimu yeye wala klabu.

Ufunguo ukikosekana

Hapa njia tatu kati ya nne zinaweza kufungwa kwa pamoja. Anzeni kwa mtu. Mtafuteni msimamizi wa zamani kwa simu au kupitia anayemfahamu, msianze na lawama, na mumwombe awaongeze kama wasimamizi badala ya kudai nenosiri lake. Ombi hilo halimtaki atoe kitu chake binafsi, na wengi hukubali hapohapo. Kwa akaunti zinazoingiwa kwa baruapepe, ulizeni ni anwani gani ilitumika. Huenda ni ya klabu, na bado inafunguka.

Msimamizi akiwa amefariki, kuna jambo moja la kulijua kabla. Facebook huweza kuigeuza akaunti ya marehemu kuwa ya ukumbusho, ambayo haiingiwi na mtu tena, na ukurasa ambao yeye ndiye alikuwa msimamizi wake pekee huweza kuondolewa. Kwa hiyo nakilini mnachokiona kwa macho, picha na maneno, mapema iwezekanavyo, na mzungumze na familia kwa upole kuhusu wanachopanga.

Pale ambapo hakuna wa kupatikana, imarisheni ukurasa mlio na ufunguo wake: jina kamili la klabu, anwani, simu, kiungo kwenye tovuti, na chapisho linalosema wazi kwamba huu ndio ukurasa rasmi. Kuripoti ukurasa wa zamani kuwa unajifanya klabu yenu kuwe mwisho kabisa, na kusitumike dhidi ya mwanachama wenu mwenyewe aliyeufungua kwa moyo mweupe.

Mwongozo kwa hali yenu

Mna ufunguo wa kurasa mbili za Facebook, na mmoja hauna kumbukumbu ya maana: unganisheni, mkibakiza wenye picha. Kama zote mbili zina picha za thamani, shusheni kasi. Gandisheni mmoja, au pakueni na kupandisha upya kilicho bora kabla ya kuunganisha, mkijua kwamba maoni yatapotea.

Tatizo likiwa Instagram au TikTok, hameni, na mwishoni mzime badala ya kufuta, ili jina libaki lenu.

Mnacho kikundi cha Facebook na ukurasa wa Facebook? Hivyo ni vitu viwili tofauti na haviunganishwi. Vinaweza kuishi pamoja: ukurasa ukamtangazia mgeni, kikundi kikawa mahali pa wanachama kuzungumza. Watu wakiuliza ratiba kwenye kikundi, wapeni kiungo cha ukurasa.

Kama kuna wasifu binafsi uliofunguliwa kwa jina la klabu, hameni kutoka hapo haraka kuliko kwingine kote. Wasifu wa Facebook ni wa mtu, hauruhusiwi kuwa wa taasisi, na hauwezi kuzidi marafiki 5,000. Unaweza kufungwa bila ninyi kuulizwa.

Uchaguzi wa viongozi ukiwa karibu, msifanye jambo lisilorudi nyuma. Gandisheni, andaeni orodha na nakala, uacheni uamuzi kwa kamati ijayo. Na kamati yoyote itakayoamua, iandike kwenye muhtasari wa kikao majina ya wasimamizi wasiopungua watatu wa ukurasa utakaobaki, pamoja na siku ambayo kila mmoja ataondolewa anapomaliza muda wake.